Nondo wa Leona Kothmann

Leona Kothmann aliwapikia watoto wa shule ya Llano miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akajikuta anafuga viwavi. Hakupanga. Mpungate wa nyuma ya nyumba, mmea wa miiba na majani manene, ulikuwa unaoza, akapasua jani kwa kisu, akakuta viwavi wa buluu wamejazana ndani. Akawatia kwenye mitungi ya achari.

"Wifi, wenzio wanafuga kuku," akasema Hulda, dada wa marehemu mumewe.

"Kuku wana kelele."

Viwavi wakageuka nondo wenye pua ndefu. Leona akawatuma kwa Dakta Pruett, mtaalamu wa nondo mjini Austin. Jibu likaja: hao ni wa jenasi mbili, yaani koo mbili tofauti za nondo. Wenye vipapasio kama kitana ni jenasi moja, wenye vipapasio kama uzi ni nyingine.

Leona akapiga simu. "Dakta, hawa wote wametoka jani moja."

"Nadhani umechanganya mitungi, bibi."

Neno hilo lilimchoma. Watoto mia nne kila siku, na hakuwahi kuchanganya sahani.

Majira ya kuchipua akapata mayai yaliyobebana kama kijiti kwenye ncha ya mwiba wa mpungate mchanga. Akauhamishia mpungate huo kwenye chungu, akaufunika chandarua, na Hulda akakishona pande zote kwa uzi mwekundu. Septemba wakatoka nondo ishirini na watatu. Madume wote walikuwa na vitana, majike wote nyuzi: kumbe ni jenasi moja.

Leona akapiga simu tena, na Dakta Pruett akaja mwenyewe. Akakagua mshono, kisha nondo, kwa lenzi.

"Uzi ni wangu," Hulda akamwambia. "Ukisema tumechanganya, hapa huli keki."

Mzee hakucheka. "Jenasi ya pili niliipa jina mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sasa itafutwa, maana jina la zamani zaidi ndilo hubaki."

Leona akajuta kumwita. "Tunaweza kunyamaza, Dakta. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, kila nikifungua droo ya nondo wangu." Akavuta kiti. "Nipe tarehe zako zote. Na hiyo keki."

Makala yakatoka mwaka uliofuata, kurasa nne, jina la Leona sambamba na la Dakta. Hulda akatafuta lake, akalikuta chini kabisa, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo, akalipigia mstari kwa kalamu.