Makofi ya Fundi Masufuria

Jamani, mikono ya Fundi Masufuria ilikuwa na kelele! Mtu kagonga bati tangu ujana. Akipiga makofi, utadhani mifuniko imeporomoka jikoni. Na ndiyo iliyomponza kwenye onyesho la kwanza la kitindamimba wake, mpiga fidla. Binti alimaliza sehemu ya kwanza, ukumbi kimya, baba mtu huyo kainuka: pa! pa! pa! Peke yake. Wenye suti wakageuka, wakamtazama kama mwizi wa kuku. Kumbe kwa watu wa muziki ule hupigi kofi mpaka sehemu zote ziishe. Sasa yeye angejuaje, masikini?

"Baba, umeniaibisha," binti alilia walipofika nyumbani. "Safari nyingine utulie tu, tafadhali."

"Nimekoma, mama," akasema, na kweli alikuwa amekoma.

Safari nyingine ikawa ndiyo ya mtihani, mbele ya watu na walimu wa chuo cha muziki. Binti akifaulu, anapokelewa chuoni, akishindwa, basi tena. Fundi alikaa kiti cha mbele na mkewe, mikono kaibana mapajani. Binti alicheza vizuri, ila mwishoni mwa sehemu ya kwanza akakosea. Fundi mwenyewe asingejua, lakini aliona midomo ya mwanawe inavyompauka. Ukumbi ukanyamaza. Binti akashusha fidla, akamtafuta baba yake kwa macho.

Loo, mateso gani haya! Moyo wote ulimtuma apige, hata kofi moja, mtoto ajue hayuko peke yake. Mikono ilimwasha. Akaiinua kidogo.

"We, baba watoto," mkewe akamnong'oneza, huku anamvuta koti. "Unataka kumwaibisha tena?"

Akairudisha mapajani. Akabaki kumkodolea mwanawe macho na kumeza mate, mtu mzima na nguvu zake zote.

Binti akaanza sehemu ya pili, akakwama. Akaanza upya, akakwama tena. Akainamisha kichwa, akatoka jukwaani. Hapo sasa ndipo wenye suti walipopiga makofi, laini, ya adabu, ya kumsindikiza.

Walimkuta nje kakaa kwenye ngazi, fidla kaipakata. Fundi hakujua mikono aiweke wapi.

"Nilikutazama, baba," binti akasema. "Mbona hukunipigia hata kofi moja?"