Kulea Vifaranga Makambako kwa Makaa ya Miwati

Siku yangu ya kwanza kazini sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imetanda juu ya majani ya kiwanja cha Idara ya Mifugo pale Njombe, na viatu sikuwa navyo. Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala Tanganyika. Mume wangu, Zakaria, alikuwa ameandikishwa umanamba akaenda Tanga kukata mkonge, na habari zake zilikuwa zimekatika. Mimi nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikaomba kazi ya kufagia.

Bwana Mifugo alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye Kiswahili cha taratibu. Nilikuwa sijafagia muda mrefu pale wakati mtunza vifaranga alipoacha kazi akaenda kutafuta dhahabu Chunya. Bwana Mifugo alinikuta nje na ufagio wangu.

"Mama Yusta, umelea watoto?"

"Nimelea, Bwana."

"Weka ufagio. Njoo."

Ndivyo nilivyoingia katika chumba cha mashine ya kutotolea, sanduku kubwa lenye taa ya mafuta ubavuni, lililofanya kazi ya kuku mwenye kuatamia. Mayai tuliyageuza asubuhi, mchana na jioni, kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo wake. Baada ya siku kadhaa tuliyapima, yaani tulilishika kila yai mbele ya mwanga. Lenye uhai lilionyesha mishipa myembamba kama mizizi ya mche. Lisilo na kitu tuliliondoa kabla halijawa viza na kuharibu mengine.

Vifaranga wakishatoka na kukauka, tuliwahamishia kwenye sanduku la kuwalelea, ambalo Bwana Mifugo aliliita bruda, nasi tukaliita hivyohivyo. Chini tulitandika maranda ya mbao, katikati tukaning'iniza chemli. Pembe zake tuliziziba kwa mkeka ili pawe na mviringo, kwa maana kifaranga akisikia baridi hukimbilia pembeni, wenzake humlalia, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi. Katika chombo cha maji tuliweka vijiwe wasije wakazama.

"Usiangalie taa," Bwana Mifugo aliniambia. "Waangalie wenyewe. Wakijibana chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia, wana joto. Wakitawanyika na kula, mwache Mungu apumzike."

Nilipokwisha kuzoea, alinipeleka Makambako kuwafundisha kina mama kulea vifaranga majumbani. Makambako ya siku hizo ilikuwa njia panda tu, nyumba chache na maduka, na upepo usiokwisha. Nilipewa nyumba ya vyumba viwili na bruda moja. Jirani yangu alikuwa mjane mmoja, Mama Nyagawa, ambaye siku ya kwanza alisimama mlangoni akanisalimu, "Kamwene," kisha akachungulia ndani ya sanduku.

"Hawa wamezaliwa na nani?"

"Wametotolewa na mashine, mama."

"Basi nani atawafundisha kumwogopa mwewe?"

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena, akaja na wenzake. Hoja yao ilikuwa moja. Mafuta ya taa yalikuwa ghali, na mwenye nayo aliyatunza kwa ajili ya nyumba. Nani angewasha chemli mchana kutwa kwa ajili ya kuku?

Hapo ndipo Zakaria aliporudi. Alishuka kwenye lori lililoleta manamba waliomaliza mkataba, amekonda, mikono yake ina makovu ya miiba ya mkonge. Alikuwa amefika kwanza Njombe, akaambiwa mkewe ni mfanyakazi wa Serikali Makambako. Watoto hawakumfahamu. Alikaa kwenye kigoda akasikiliza vifaranga wakilia chumba cha pili.

"Kwa hiyo mimi nimekwenda kutafuta, na wewe umepata," alisema.

"Tumepata sote, Baba Yusta."

"Tutarudi nyumbani tukalime. Mwanamume hafuati kuku wa mkewe."

Niliogopa. Nilikuwa nimemngoja miaka, na kazi ile nilikuwa nimeipenda. Nikamwambia, "Niache niwalee hawa mpaka waote manyoya. Wakiweza kustahimili baridi bila taa, tutaongea." Akavua koti, akalitundika ukutani. Nilichukua hilo kuwa ruhusa.

Kisha mvua zikashika. Barabara ikawa tope tupu, lori la mafuta halikufika, na madukani palikuwa pakavu. Chemli ilipozimika vifaranga walianza kujibana na kulia ile sauti nyembamba ya baridi. Niliwatia kwenye vikapu, nikawafunika kwa khanga zangu, huku machozi yakinitoka. Zakaria alinitazama, akatoka nje. Nikadhani ameondoka kwa hasira.

Alikuwa anachimba udongo. Alijenga barazani jukwaa fupi la matofali mabichi, katikati akaacha uwazi kama wa jiko. Juu yake alilaza bati la debe, juu ya bati akamwaga mchanga, ndipo akaliweka sanduku. Kwenye uwazi akatia makaa ya miwati, miti iliyojaa vilimani kwetu, aliyoyaomba kwa Mama Nyagawa, na mlango wake akauelekeza nje, moshi usiwafikie vifaranga. Mchanga ukapata moto polepole. Tuliwarudisha vifaranga ndani ya sanduku, wakajibana kwanza, halafu mmoja akajitenga akaanza kudonoa.

"Umejifunzia wapi haya?" nilimwuliza.

"Kambini. Tulikuwa tunakausha nguo za mvua hivi."

Walikufa wachache. Waliobaki waliota manyoya. Kabla sijamkumbusha Zakaria lile neno letu la kurudi nyumbani, kina mama walikuwa wamejaa uani, kila mmoja akitaka jukwaa lake, maana kupata mkaa wa miwati hakukumsumbua mtu. Zakaria wakamwita fundi. Alikwenda nyumba hadi nyumba, na jioni alirudi na matope magotini akinisimulia nani ana vifaranga wazuri.

Bwana Mifugo alipokuja kukagua, aliinama akaweka kiganja kwenye mchanga pembeni mwa sanduku, kupima joto. Kisha akasema anataka kunirudisha Njombe, kwenye mashine. Kabla sijafungua mdomo, Zakaria alivua kofia.

"Bwana, mama hawezi kuondoka. Kina mama bado hawajafika mwisho wa mafunzo."

Tulikaa Makambako mpaka Uhuru, na baada ya Uhuru, hadi nilipostaafu. Nimewaona mabwana mifugo wengi, wakali na wapole, na kila mmoja alinifundisha jambo. Ninyi mnaolea vifaranga kwa umeme leo, fanyeni hivyo kwa furaha, sina wivu. Ila mkisikia sauti ile nyembamba, msimalizie kwanza mlichokuwa mnafanya.

Zakaria ametangulia. Wengi waliorudi kutoka mkonge enzi zile walishindwa kukaa majumbani mwao. Walikuta wake na watoto wamejifunza kuishi bila wao, wakaondoka tena. Wangu alikuta hivyohivyo, akatafuta mahali pa kuweka mikono yake, akakaa. Kwa hilo namshukuru Mungu kwanza, ndipo namshukuru kwa kuku.