Pikipiki ya Baba na Maji Kujaa

Jana mjukuu wangu alimwaga petroli uani, na harufu yake ikanirudisha juu ya pikipiki, nimebanwa kati ya mgongo wa baba na kifua cha mama.

Tulitoka kwetu Mhezi, juu mlimani, tukateremka Same, tukaelekea pwani kwa shangazi. Siku hizo za Mwingereza, kijijini kwetu pikipiki ilikuwa ile moja tu. Baba aliinunua kwa kahawa ya misimu mingi, na kila asubuhi aliifuta vumbi kabla hajanawa uso. Njiani tulilala chini ya turubai, tukala makande yaliyopoa. Tulipofika baharini giza lilikuwa limeingia na kwa shangazi bado mbali, hivyo baba alipiga kambi mchangani, karibu na maji. Sisi watu wa mlimani hatukujua kwamba bahari hupwa na kujaa.

Alfajiri niliamka mgongo umelowa. Mama alininyakua, akakimbilia kwenye miamba. Baba alibaki akiisukuma pikipiki, magurudumu yakizidi kuzama.

"Baba watoto, iache!" mama alipiga kelele. "Huyu nitamlea na nani?"

"Bado kidogo!"

Wimbi likamfunika. Mama akanibana kifuani.

Kichwa kiliibuka, kisha mabega. Baba alitufikia akitetemeka, mikono mitupu. Mama aliishika mikono ile, akaanza kuipulizia na kuisugua, kama alivyonifanyia mimi asubuhi za baridi kule nyumbani.