Kaya ya Seenoi

Watu wa serikali walipofika Samunge kuandikisha kaya maskini kwa ajili ya ruzuku, Seenoi hakuwepo. Alikuwa hospitalini Wasso, akimuuguza mtoto aliyekuwa akiharisha damu, binti wa mke mwenzake, Sinyati. Sinyati mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua. Safari ile asingeiweza.

Wote wawili walikuwa wajane wa mume mmoja, aliyefariki mwaka ule, na ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao. Mwandikishaji alielekeza kalamu kwenye nyumba ya pili, ya Seenoi.

"Mama, na pale anaishi nani?"

Sinyati alikuwa amesikia fununu kwamba boma moja halipewi mara mbili. Akaogopa yeye ndiye atakayekosa.

"Ni sisi sisi," akasema. "Tunakula chungu kimoja."

Haikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa na jiko lake na watoto wake.

Ruzuku ikaanza kutoka. Sinyati akanunua mbuzi, wakazaa. Akaezeka bati. Binti yake aliyepona akaanza shule na sare mpya. Seenoi aliendelea kukata kuni za kuuza, asiulize kitu. Alidhani mwenzake amebahatika tu, na kanisani alimshukuru Mungu kwa niaba yake, kwa sauti. Sinyati alikaa kando yake akitazama chini.

Kisha binti mkubwa wa Seenoi akaacha shule, akapata kazi za ndani Karatu. Basi lilipoondoka naye, Sinyati alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, Emilian, akamweleza yote.

"Uandikishaji ulishafungwa, mama," Emilian alisema. "Asubiri awamu nyingine."

"Lini?"

"Serikali ikitangaza."

Akarudi, akamkuta Seenoi anatua mzigo wa kuni. Akamwambia. Seenoi alifungua kamba ya mzigo.

"Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

"Wasso."

"Na mtoto wa nani?"

Sinyati alirudi kwake. Alifungua zizi, akaswaga nusu ya mbuzi wake hadi kwa mwenzake. Seenoi aliwapokea, maana watoto walihitaji maziwa. Binti wa Karatu alipopigiwa simu arudi, alisema ameshazoea kazi.

Siku hizi ruzuku ikitoka, Sinyati huigawa nusu kwa nusu na kuipeleka mwenyewe. Seenoi huipokea akiwa amesimama, husema asante, wala hamkaribishi ndani.