Godoro Moja kwa Watu Wanne

Siku godoro lilipoletwa kiwandani, likiwa bado ndani ya nailoni yake, likaegemezwa ukutani karibu na mahali pa kusaini, Nakhumicha alilitazama mara moja tu, akaenda kuvaa aproni. Alikuwa amechambua mbegu za mahindi katika kampuni ya Mavuno Juu, nje kidogo ya mji wa Kitale, kwa miaka kumi na sita. Hakuona godoro lilihusiana vipi na mahindi.

Kazi yake ilikuwa ya macho na vidole. Mahindi makavu, yangali kwenye magunzi yake, yalimwagwa juu ya meza, wanawake wanne kila meza. Mazuri yalienda kwenye kreti, mabaya kwenye gunia. Watu walidhani ni rahisi, kwamba ubovu unaonekana. Kumbe ule unaoonekana ni nusu tu. Ukungu hujificha chini, pale hindi lilipoungana na bua, na punje za juu zikabaki ziking'aa kama hazina neno. Nakhumicha aliujua kwa uzito. Hindi bovu huwa jepesi mkononi, wepesi mdogo ambao mtu hawezi kuueleza, na alikuwa amewafundisha wasichana wengi kufumba macho na kuusikia. Kengele ya jioni ikilia wakiwa katikati ya kreti, meza yake ilimaliza kreti ile kwanza. Hakuna aliyewaagiza. Waliona vibaya kuacha kazi imefunguka mdomo.

Gathogo, meneja mpya, aliwakusanya asubuhi hiyo. Alikuwa kijana msomi, mpole wa maneno, na hakuwa mtu mbaya. Hilo Nakhumicha alilikubali hata baadaye, alipokuwa amemkasirikia mpaka usingizi ukampaa.

"Akina mama, tumegundua hamtiwi moyo," alisema. "Kuanzia leo, kila mwezi, meza itakayojaza kreti nyingi zaidi katika wiki moja itapata zawadi. Mwezi huu ni godoro. Na majina ya washindi yatabandikwa hapo mlangoni."

Watu wakapiga makofi. Nakhumicha alimgeukia Jepkemboi, rafiki yake wa meza moja tangu miaka kumi iliyopita, mwanamke wa Cherangany mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi.

"Amesema kreti nyingi," Nakhumicha alinong'ona. "Hajasema kreti safi."

"Si ni kitu kimoja, Mama Derrick," Jepkemboi akamjibu. Macho yake yalikuwa kwenye godoro.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa kukoma. Oktoba yote ilinyesha juu ya mahindi yaliyokuwa yakingoja kuvunwa, na yalipoletwa kiwandani yalikuwa na ukungu uliojificha kuliko mwaka wowote aliokumbuka. Ulikuwa mwaka wa kwenda polepole. Badala yake chumba kizima kilianza kukimbia. Meza ya pili walikuwa wakimwaga, wakipapasa, wakisukuma. Meza ya sita waliacha kuzungumza kabisa. Karani aliyehesabu kreti alipita kila saa na daftari lake, na kila alipopita shingo zilinyooka kutazama alichoandika.

Meza ya nne, ya Nakhumicha, ikawa ya mwisho. Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya pili hawakucheka. Wiki ya tatu Fridah, aliyesimama mkono wake wa kushoto, aliweka hindi chini akasema, "Mama Derrick, wewe unatuchelewesha. Kila hindi unalibembeleza kama mtoto mchanga."

"Hilo ulilotupa kwenye kreti limeoza," Nakhumicha alisema.

"Liko sawa."

Nakhumicha alilitoa, akalivunja kwenye ukingo wa meza. Ndani lilikuwa la kijivu. Jioni hiyo Fridah aliondoka bila kuaga.

Aliyemshinda ni Jepkemboi. Mama mkwe wake alikuwa ametoka hospitali na mgongo uliovunjika, na alikuwa akilala juu ya mkeka uliotandikwa juu ya magunia. Jepkemboi hakugombana. Alimngoja Nakhumicha bombani, wakinawa vumbi, akasema kwa sauti ya chini, "Nakuomba wiki moja tu. Tukimbie wiki moja. Nitakukumbuka maisha yangu yote."

Nakhumicha alifikiria yule mama mzee, akafikiria mahindi. Wiki hiyo ya katikati ya Desemba alikimbia. Hakupima chochote kwa mkono. Alitazama juu juu, akasukuma. Siku ya kwanza ilimuuma. Siku ya tatu haikumuuma tena, na jambo hilo ndilo lililokuja kumtia hasira kuliko yote, kwamba miaka kumi na sita ilichukua siku tatu kumtoka.

Wakashinda. Majina manne yakabandikwa mlangoni, watu wakapiga picha. Kisha ikaonekana kwamba godoro ni moja na wao ni wanne. Gathogo alicheka kwa haya, akasema hilo hakulifikiria, basi wapige kura. Vikaratasi vikatiwa kwenye kofia. Fridah akachomoa kile cha godoro.

Jepkemboi alimwomba wauziane, Fridah akakataa. Alimwomba Nakhumicha amwambie Fridah, naye alimwambia, na Fridah akauliza kama na yeye hakuwa na mgongo. Mwaka Mpya ulipofika wanawake wale walikuwa wakisimama kwenye meza moja kama abiria wasiojuana. Jepkemboi hakumlaumu Nakhumicha kwa maneno. Aliacha tu kumbakishia nafasi wakati wa chai.

*

Mapema Aprili kakake, Wabwile, alimpigia simu kutoka Bungoma. Alikuwa mkulima upande wa Mayanja, mtu wa maneno machache, na kila msimu alinunua mbegu za Mavuno Juu bila kuuliza bei, akiwaambia majirani kwamba hupanda mikono ya dada yake.

"Njoo uone shamba," alisema.

"Kuna nini?"

"Njoo uone."

Alienda Jumamosi. Nanyama, mke wa Wabwile, alimpokea uani, akamshika mkono, akamwongoza nyuma ya nyumba bila kumkaribisha chai kwanza, na kwa hilo Nakhumicha akajua mambo ni mabaya. Shamba lilikuwa limepaliliwa vizuri na mbolea ilikuwa imewekwa. Lakini mistari ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mzee. Mche mmoja, pengo, pengo, mche mmoja, pengo.

Nakhumicha alichuchumaa, akachimba kwa kidole katika pengo moja. Punje ilikuwa bado pale, na rangi ya dawa juu yake, laini kama ugali uliolala. Aliibonyeza ikapasuka, na harufu aliijua. Akachimba pengo la pili, la tatu. Wabwile alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Mimi nilidhani ni udongo," alisema. "Halafu Mukhisa wa hapo ng'ambo akaja, na shamba lake ni hivyo hivyo. Na mama Makokha. Wote walinunua kwa sababu niliwaambia mimi."

"Pakiti iko wapi?"

Nanyama aliileta. Nyuma yake palikuwa pamepigwa muhuri wa namba na tarehe ya kuchambuliwa. Ilikuwa ile wiki ya Desemba. Nakhumicha alisoma mara mbili, ingawa mara moja ilitosha.

"Ni sisi," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa hapo."

Wabwile alisogea karibu.

"Waliweka zawadi kwa atakayemaliza nyingi. Nikakimbia."

"Zawadi gani?"

"Godoro."

Kakake aligeuka kutazama shamba. Nakhumicha alitamani amfokee. Angejua la kufanya na kufokewa. "Na wewe godoro huna?" Wabwile aliuliza mwishowe, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelewa.

Nakhumicha aliikunja pakiti, punje tatu zikiwa ndani. Siku hiyo alipita kwa Mukhisa, akapita kwa mama Makokha, akawaeleza kwa kinywa chake mwenyewe, amesimama, kwa sababu aliona haya kukaa kwenye viti vyao. Mama Makokha alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa mimi nitawapa watoto nini, hayo maelezo?" na akarudi jikoni.

Hasira aliyopanda nayo kurudi Kitale haikuwa ya kupiga kelele. Ilikaa kifuani, baridi, ikipanga maneno.

*

Jumatatu aliingia ofisini kwa Gathogo bila kubisha, akaweka pakiti na punje tatu zilizooza juu ya karatasi zake.

Gathogo alisikiliza. Uso wake ulibadilika rangi. Aliita mtu wa maabara, na ikajulikana kwamba watu wa maabara nao walikuwa na zawadi yao, ya kumaliza vipimo kabla ya tarehe, kwa hiyo walikuwa wameotesha punje chache kuliko ilivyotakiwa. Hakuna aliyekuwa mwizi. Kila mtu alikuwa amekimbilia alichoonyeshwa.

Kwa haki yake, Gathogo hakuficha. Mbegu za wiki ile ziliondolewa madukani, na wakulima wakapewa nyingine, ingawa kufikia hapo msimu ulikuwa umewapita na Wabwile alishapanda mahindi ya kienyeji aliyopewa na jirani. Lakini Ijumaa moja aliwakusanya tena wafanyakazi wote, na Nakhumicha, aliyekuwa amesimama nyuma, alisikia jina lake likiitwa. Juu ya meza palikuwa na jiko jipya la gesi na cheti kilichotiwa fremu.

"Huyu mama," Gathogo alisema, "ametuonyesha ujasiri. Kampuni inamzawadia kwa uaminifu wake. Na kuanzia leo tumebadilisha utaratibu. Meza itakayochambua na kutoa mbegu mbovu nyingi zaidi ndiyo itakayoshinda. Hivyo tutakuwa makini."

Makofi yakaanza. Nakhumicha alitembea hadi mbele, na makofi yakapungua walipoona uso wake.

"Hilo jiko sichukui," alisema. "Nilikuja kukwambia tumewanyima watu chakula, unanipa jiko. Nikilichukua, kesho mtu akija kukwambia ukweli, watauliza anatafuta nini."

"Mama, ni shukrani tu."

"Najua unataka kushukuru. Sasa nisikilize. Miaka kumi na sita nimechambua hapa hakuna mtu aliyeniahidi kitu, na kakangu alikuwa akivuna. Mliponiahidi godoro, shamba lake likaoza. Hukuniongezea moyo, Bwana Gathogo. Ule niliokuwa nao wewe uliniondolea. Na hii nyingine yako mpya, ngoja wiki mbili tu. Tutakutolea mbovu mpaka ushangae."

Alirudi mahali pake. Jiko lilibaki juu ya meza, na baadaye mtu wa stoo akalichukua.

Wiki mbili zilitosha. Wakati huo walikuwa wakichambua mbegu za maharagwe, na magunia ya yaliyokataliwa yakaanza kujaa kuliko yale ya mbegu. Nakhumicha aliona kwa macho yake meza ya pili wakitupa maharagwe mazima, mazuri, yenye kung'aa, konzi kwa konzi, kwa sababu kilichopimwa sasa kilikuwa uzito wa gunia la takataka. Aliyaokota sakafuni akayarudisha. Fridah akamwambia aache kiherehere. Kabla mwezi haujaisha utaratibu ulifutwa kwa tangazo la mistari miwili, na Julai Gathogo akahamishiwa makao makuu. Watu walisema amepandishwa cheo.

Nakhumicha alidhani mambo yatarudi yalivyokuwa. Hayakurudi. Mahindi yalipoletwa tena Oktoba, hapakuwa na zawadi, na mikono ilikuwa mizito. Kengele ilipolia, hindi liliachwa lilipo, kreti ikabaki nusu. Alipowaomba wenzake wamalize, mmoja alimuuliza bila ubaya wowote, "Ati tumalize, tunapewa nini?" Wale wanawake hawakuwa wavivu kabla ya hapo, na hawakuwa wavivu sasa. Walikuwa wamefundishwa kuuliza. Hasira ilimpanda tena, ikakaa naye mchana kutwa, maana safari hii hapakuwa na mtu wa kumwendea na pakiti mkononi.

Meneja aliyekuja baada ya Gathogo alikuwa mwanamke, Wamboi, mfupi, mwenye tabia ya kuzunguka mezani na kusimama kimya. Siku moja alisimama kwenye meza ya nne, akauliza kwa nini kazi imelegea, na wangependa kampuni iwawekee nini.

Fridah alisema simu. Mwingine akasema blanketi. Nakhumicha aliendelea kupima hindi mkononi.

"Na wewe, mama?"

"Taa," alisema. "Hapa kuna giza, ukungu hauonekani. Na viti, tunasimama tangu asubuhi. Na mshahara uwe wa kumtosha mtu, asisimame hapa akiota godoro. Halafu mbegu zikishapandwa, mtu aje atuambie ziliota vipi, na kwa nani. Hatujawahi kuambiwa."

Wamboi hakuahidi. Aliandika. Baada ya wiki tatu mafundi walileta taa, moja juu ya kila meza. Mshahara haukuguswa, na viti havikuja. Aprili iliyofuata karatasi ilibandikwa mlangoni, yenye wiki za kuchambuliwa, majina ya vijiji na hesabu ya zilizoota kati ya punje mia, na wanawake wakajazana kuisoma. Jepkemboi alifuata mistari kwa kidole chake kikubwa, akafika kwenye wiki ya katikati ya Desemba, kama ile ya godoro.

"Tisini na tano," alisema. Alikuwa akiongea na ukuta, lakini kwa sauti ya kumfikia Nakhumicha. "Hizo tano ni za nani?"

"Twende tukazitafute," Nakhumicha alisema, bado amekasirika, akavaa aproni yake.