Silinda Sita kwa Watu Wawili

Gari nyekundu isiyo na paa, yenye viti viwili tu, iliingia kituo cha mafuta hapa Shinyanga. Dereva alikuwa mama wa makamo, kilemba cha kitenge kichwani, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Rwamgasa. Dada wa pampu akafungua boneti akague oili. Akakuta gunia la mchele.

"Injini iko nyuma ya viti, mdogo wangu. Silinda sita."

Mzee mmoja mwenye koti akasogea, akagonga mlango kwa fimbo. Alikuwa kaka wa marehemu mumewe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Silinda sita kwa watu wawili?"

"Pikapu yangu ina nne, na ilibeba watu kumi na tano pamoja na jeneza. Hukuwahi kuuliza."

"Sasa tukipata mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Kolandoto?"

"Pikapu ipo uani, ina mafuta, ufunguo unaning'inia ukutani. Endesheni wenyewe."

Foleni nzima ikanong'ona kwamba mama amekuwa mchoyo. Mchoyo gani? Kwetu ukinunua gari, siku hiyohiyo unageuka dereva wa ukoo. Huyu ametumikia miaka yote. Mwacheni apigwe upepo!

Akawasha, injini ikanguruma mpaka fimbo ya mzee ikarudi nyuma. Nilikuwa nimesimama kando ya pampu; alikuwa anaelekea upande ninakoishi, na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Mdomo wangu ulishafunguka kuomba lifti.

Nikaufunga, nikatembea.