Jumuiya Ilipofika Kwetu Kumwombea Mama

Kila asubuhi baba aliuliza mama yuko wapi. Mama tulikuwa tumemzika Ukambani, na baba mwenyewe ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kaburini. Mwanzoni nilimwambia ukweli. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akaniuliza mbona hakuitwa mazishini, kisha akalia kama mtu aliyepata habari sasa hivi, kwa sababu kwake ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, na kilio kikaanza upya.

Nafundisha saikolojia katika chuo cha walimu. Nimesimama darasani nikatangaza, kwa madaha, kwamba watafiti wa siku hizi hawaoni tena kumbukumbu kuwa sanduku la kuhifadhia vitu. Kila tunapokumbuka, tunajenga upya. Wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyeuliza mtu afanye nini mjenzi akiacha kazi. Nilisoma pia wanafalsafa wanaobishana kama ukweli ni haki ya mtu asiyeweza kuushika. Wanabishana vizuri sana, hao, nami nilikuwa nikiwasoma huku nakoroga uji wa baba.

Basi nikaanza kusema, "Ameenda Gikomba, baba." Mama aliuza nguo za watoto kule sokoni maisha yake yote, akitoka hakujapambazuka ili awahi marobota yakifunguliwa. Baba alitikisa kichwa. "Huyu mama na mitumba yake." Akanywa uji wake kwa amani. Mimi uongo ule ulinichosha kuliko kumfulia na kumwogesha, na kuna siku nilijifungia bafuni nikalia kwa kukata tamaa tu.

Shida ikawa jumuiya. Sisi Wakatoliki wa hapa Makongeni husali kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na zamu yetu iliangukia wiki ambayo mama alitimiza mwaka tangu afariki. Kurukwa hakuwezekani; nyumba ikirukwa, majirani wote wataanza kuuliza mmekosana na nani. Na kuacha kumwombea mama wiki hiyo ingekuwa kumdhulumu. Nikamwendea mwenyekiti wetu, mama mmoja kutoka magharibi mwa nchi aliyekuwa rafiki mkubwa wa mama, nikamsihi asimtaje marehemu mbele ya mzee.

"Mwalimu, vitabu vimekuharibu," akasema. "Njia ya mwongo ni fupi. Utamficha mwanaume kifo cha bibi yake mpaka lini?"

"Nisaidie tu, mama. Sina nguvu ya kumzika kila siku."

"Sawa. Nitasema tu mpendwa wetu. Lakini kudanganya mzee, hapana. Akiniuliza, nitamjibu."

Jumapili alasiri wakajaa sebuleni, wengine wamekaa kwenye kitanda cha baba kilichokuwa humo humo. Nilimvisha koti alilokuwa akivalia ofisini enzi zake za ukarani wa reli. Alifurahia wageni. Rozari aliisali bila kukosea, mtu asiyekumbuka kama amekula. Sala za utotoni huwa za mwisho kuondoka, na hilo nililijua. Ambalo sikulifikiria, na digrii zangu zote, ni kwamba sala ya marehemu nayo ni ya utotoni. Mwenyekiti akaianza, akasema "mpendwa wetu" kama tulivyopatana, na baba akaitikia kwa sauti kuliko wote. Kisha akafumbua macho.

"Tunamwombea nani?"

Nilimtazama mwenyekiti, nikimsihi kwa macho. Hakunitazama.

"Ni mama wa hapa, Mzee. Bibi yako. Ametimiza mwaka."

Baba alinigeukia. "Na wewe ulijua?"

Nikasema nilijua. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima asiyejali nani yuko, na akina mama wakaanzisha wimbo ili kumfunika. Nilikimbilia jikoni. Nikapepea jiko la makaa kwa hasira mpaka nyumba ikajaa moshi. Nilimchukia mwenyekiti, nikajichukia, nikamchukia hata mama kwa kutangulia.

Niliporudi na birika, wimbo ulikuwa umekwisha, na baba alikuwa akiwahimiza watu wasogee karibu na meza, chai inakuja. Alikuwa amesahau. Nilimshukuru Mungu. Lakini machozi yake hayakuwa yamekoma. Habari ilikuwa imemtoka, huzuni yake ikabaki. Hilo nalo limechunguzwa. Nimelifundisha mara nyingi, na kulitungia maswali ya mtihani. Baba alijigusa shavu, akavitazama vidole vyake vilivyolowa.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "nalia nini?"

Mwenyekiti aliangalia sakafu. Chumba kizima kilinisubiri mimi.

"Ni moshi, baba," nikasema. "Ni moshi wa jiko."

"Aa," akasema, akijipangusa kwa mkono wa koti. "Basi mwambie mama yako afungue dirisha."